Kufuga na Kufungia

Mamba, katika milima ya Upare wilayani Same, ni mahali pa tangawizi, migomba na maji ya kugawana. Wazee wa Upare walijenga ndiva, yaani malambo madogo ya kukusanya maji ya kijito usiku kucha, ili mchana yafunguliwe yashuke kwa mifereji hadi mashambani. Kila mwenye shamba ana zamu yake. Na ndiva ikijaa tope, watu huitana kwenye msaragambo, kazi ya wote, wakalizoa. Kutoka huko hadi bahari ya Tanga, kwa mwendo wa ndege, hakufiki kilomita 200. Hata hivyo, kwa wengi wa milimani bahari ni habari ya kusikia.

Achukuliwe mtu wa huko, mwenye uwezo na mwenye kupenda vilivyo vizuri, aliyeshuka pwani, akavaa miwani ya maji, akautazama mwamba wa matumbawe, kisha akarudi kwao na azma ya kuweka kipande cha bahari sebuleni. Azma hiyo si ya kuchekwa. Ulaya na Marekani wako watu wengi, walio mbali na bahari kuliko Mamba, wanaoitimiza. Hutakiwa sanduku la kioo, chumvi maalumu inayochanganywa na maji safi hadi ifikie gramu 35 hivi kwa lita, pampu ya kuyazungusha maji, taa kali, na joto lisilopungua nyuzi 25. Mamba kuna baridi, kwa hiyo atahitaji pia hita; na umeme ukikatika usiku wa Julai, bahari yote ya sebuleni itapoa kama uji uliosahaulika mezani. Lakini hayo ni mambo ya fundi. Swali la maadili linaanza anapochagua samaki.

Wako samaki wa mwambani wasio na taabu, wanaokula chembe yoyote watakayotupiwa. Wako na wengine, na mara nyingi hao ndio wenye kuvutia macho, ambao chakula chao ni kimoja. Miongoni mwa vitatange wa bahari yetu yumo mmoja mweupe, mwenye mistari myembamba iliyopindwa ubavuni kama ncha za mishale, ambaye wataalamu humwita Chaetodon trifascialis. Huyu huishi juu ya matumbawe ya matawi na ya meza, huyalinda kama shamba lake, na hula nyama laini ya matumbawe hayo hayo, kwa kudonoa, tangu asubuhi hadi jua kutua. Kingine hakitambui kuwa ni chakula.

Wafugaji wamejaribu hila nyingi. Husaga nyama ya chaza, wakaipaka juu ya kipande cha tumbawe lililokufa, wakakizamisha. Samaki huja, hugeuza jicho, hudonoa mara moja, hutema. Siku ya pili hudonoa tena, na mwenye sanduku hufurahi: ameanza kuzoea! Wiki zinapita. Rangi bado ni ile ile, mwendo bado ni wa madaha, ila tumbo limeingia ndani na mgongo umekuwa mwembamba kama wembe. Njaa ya samaki haina sauti. Ng'ombe mwenye njaa hulia, jirani akasikia, akauliza; kitatange hufa katikati ya sebule yenye wageni, nao wageni wanamsifu.

Kiswahili kina maneno mawili yanayokaribiana kwa sauti, ambayo yafaa yatenganishwe hapa: kufuga na kufungia. Anayefungia huzuia njia ya kutoka, basi. Anayefuga huzuia njia hiyo, lakini papo hapo huchukua juu yake jambo ambalo mnyama alikuwa akijifanyia mwenyewe, nalo ni kutafuta riziki. Kwa hiyo kufuga ni aina ya ahadi, hata pasipo shahidi wala maandishi. Na ahadi anayoitoa mtu huku akijua kuwa hana cha kuitimizia, tangu siku ile ya kwanza haikuwa ahadi. Husemwa kwamba kipendacho moyo ni dawa. Ni kweli, lakini dawa hiyo ni ya mwenye moyo. Kitatange hapati siha kwa kupendwa.

Pana samaki mwingine anayelizidisha jambo hili uzito. Ni yule mdogo, mwembamba, mwenye mstari mweusi unaopanuka kuelekea mkiani, anayesafisha samaki wakubwa kwa kuwatoa vidudu vya ngozini. Mwambani ana kituo chake, na wateja huja na kungoja zamu. Katika sanduku dogo lenye samaki watano, vidudu huisha upesi, naye hubaki kuwasumbua wenzake kwa kuwadonoa ute wa miilini. Chakula cha huyu ni ujirani wenyewe, nao haununuliki dukani. Mwaka 2019 watafiti wa Osaka, wakiongozwa na Masanori Kohda, walichapisha majaribio ambamo samaki wa jamii hii, baada ya kuwekewa alama asiyoweza kuiona ila kwa kioo, walijitazama kisha wakajikuna kwenye changarawe kana kwamba wanaifuta. Wataalamu wangali wanabishana juu ya maana yake. Lakini mtu aliyemzungushia kiumbe huyu vioo pande nne hana budi kuufikiri ubishi huo kabla ya kulala.

Atatokea wa kupinga, na hoja zake si nyepesi. Atasema kwamba samaki hao hufa hata baharini, wakaliwa na chewa. Hoja hiyo haisimami, kwa sababu chewa hakuahidi kitu. Atasema pia kuwa wako wavuvi wa pwani ya Kenya, Shimoni na kwingineko, ambao kwa miongo kadhaa wamepata fedha kwa kuzamia samaki wa mapambo, na kwamba kitatange hana thamani kubwa chunguni. Hilo ni kweli, nalo halifai kupuuzwa na mtu aliyeshiba. Ila lawama hapa si ya mvuvi, ambaye huvua kile mnunuzi alichoagiza.

Hoja ya tatu ndiyo nzito. Mwaka 1996 palionekana katika korongo la Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, chura mdogo asiyezidi ncha ya kidole, aliyeishi katika manyunyu ya maporomoko tu, wala hakupatikana pengine popote duniani. Bwawa la umeme lilipoyachukua maji, manyunyu yakapotea. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani. Hakuna aliyejua kwa hakika namna ya kuwatunza. Walihitaji wadudu wadogo mno, manyunyu ya kudumu, na mwanga wa namna yake. Wakafa kwa wingi, hata katika miaka michache hawakufika mia. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka katika makazi yao ya asili. Lakini waliosalia vizimbani walikuwa wameshaeleweka, wakazaana, na mwaka 2012 zaidi ya vyura 2,000 walirudishwa Kihansi, chini ya manyunyu ya mabomba. Je, kama ingesemwa mwaka 2000 kwamba asifugwe asiyejulikana kulishwa, wangekuwapo leo?

Wasingekuwapo. Kwa hiyo kanuni ya ahadi inahitaji kurekebishwa: asiye na pa kubaki anaweza kuchukuliwa hata na mikono isiyojua, mradi mikono hiyo ijifunze na ihesabu wafu wake bila kujificha. Kitatange ana pa kubaki. Mwamba wa Chumbe, uliohifadhiwa tangu mwaka 1994, uko pale pale karibu na Unguja.

Hapo mpinzani hutabasamu, kwa sababu mwamba nao hauko salama. Mwaka 1998 bahari ilipata joto, matumbawe ya Afrika Mashariki yakapauka na mengi yakafa. Mwaka 2016 ikawa hivyo tena, na mwaka 2024 tena. Matumbawe yakifa, vitatange wasiokula kingine hupungua baadaye, kimya kimya, kwa njaa ile ile ya sebuleni. Basi si heri wachache wawe ndani ya kioo, kama vyura wale?

Huenda, lakini yafaa kutazama upande wa mashariki wa milima hiyo hiyo ya Upare, penye Hifadhi ya Mkomazi. Vifaru weusi waliletwa huko kutoka Afrika Kusini kuanzia mwaka 1997, na watatu kutoka bustani ya wanyama ya Jamhuri ya Cheki mwaka 2009. Kabla ya mnyama kushuka kwenye kreti, palikuwapo kwanza pori lenye vijiti vya kumlisha, na ua wa kulilinda. Mamba nako hakuna apandaye tangawizi kwanza ndipo aulize maji yatatoka wapi.

Siku hizi matumbawe ya matawi hukatwa vipande na kuoteshwa sandukuni kama mihogo, yakakua. Basi njia ya kumlisha kitatange ipo, nayo ni ndefu: kuotesha kwanza, kwa miaka, bustani inayozidi mdomo wake, ndipo aletwe. Mtu wa Mamba anayejua kungoja zamu anaiweza kazi hiyo. Na huenda siku bustani itakapokamilika, akiyatazama matumbawe aliyoyaotesha moja moja kwa mkono wake, asitake tena kumtia humo anayeyala.