Haki ya Mwenye Hisa Chache

Msomaji, mtu mwenye hisa mia katika kampuni yenye hisa milioni ana neno gani faida inapogawanywa? Swali hili ni la hesabu, na ni la adili pia.

Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliuza hisa bilioni 10 za Safaricom kwa shilingi 5 kila moja, na watu zaidi ya laki nane wakaomba kununua. Hisa zile zilikuwa robo tu ya kampuni. Robo tatu zilibaki mikononi mwa Serikali na Vodafone. Katika kampuni kura huhesabiwa kwa hisa, wala si kwa vichwa kama katika chama cha ushirika. Tena, kwa kawaida ya katiba za kampuni, wakurugenzi ndio wapendekezao gawio. Mkutano mkuu waweza kulikubali au kulipunguza, lakini hauwezi kulizidisha.

Je, mnyonge akae kimya? La. Ana haki ya kuhudhuria, kuuliza, kutuma mwakilishi, na kupiga kura wakurugenzi wanapochaguliwa. Swali la haki likiulizwa mbele ya watu, mkubwa huona haya kutolijibu. Asiyekuwapo na lake halipo.

Lakini haki ya kudai ina wajibu wake. Watazame wavuvi wa Gazi na Msambweni. Samaki wakisha kuuzwa, chombo na nyavu hutengewa fungu kama watengewavyo mabaharia. Wakila fungu la chombo leo, kesho watavua kwa nini? Kampuni nayo ina mitambo ya kutengeneza na madeni ya kulipa. Hata hivyo, mwenye chombo asemaye kila siku kwamba nyavu zimechanika, na nyavu zisishonwe kamwe, ni mdanganyifu. Naye apaswa kuulizwa.

Kumbuka Ramisi, ambako kiwanda cha sukari kilifungwa mwaka 1988. Sisemi kwamba kiliuawa na gawio. Nasema kwamba kampuni inapokufa, msiba huingia hata katika nyumba ya mkata miwa, ambaye hakualikwa katika mkutano wa wenye hisa. Apigaye kura humpigia na huyo.

Basi, siku utakapokuwa na hisa, hata ziwe kumi, jiulize mambo mawili kabla ya kuinua mkono: Je, fungu langu ni la haki? Na chombo kimeachiwa cha kukirudisha baharini?