Je, Kuchelewa ni Kosa?



Mwaka jana baba mmoja wa kanisa letu alikuja kuniona. Ana miaka 42, ni mlinzi wa usiku, na ameniruhusu niandike haya. Akaniambia, "Pasta, nataka kusomea kazi ya stima. Unaonaje?"

Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo nikatoa karatasi. Tukapiga hesabu: karo, miaka 2 ya masomo, mshahara atakaokosa. Akimaliza atakuwa na miaka 44, akitafuta kazi pamoja na vijana wa 22. Nikamwambia kwa upole, "Ndugu yangu, hapo umechelewa." Akashukuru, akaenda.

Hesabu yangu ilikuwa sawa. Lakini lile neno "umechelewa" limekataa kunitoka.

Majuzi nikasoma habari za K.J. Choi. Wengi wetu gofu tunaiona tukipita nje ya ua tu, lakini huyu mtu anatuhusu. Alizaliwa mwaka 1970 kisiwani Wando, Korea Kusini, mtoto wa mkulima wa mpunga. Shuleni alikuwa akinyanyua vyuma. Gofu alianza akiwa na miaka 16. Tiger Woods, ambaye alikuja kushindana naye, alionyeshwa kwenye runinga akipiga mpira akiwa na miaka 2! Choi akajifunza kwa kusoma kitabu cha Jack Nicklaus.

Akawa bingwa kwao, akashinda na Japani. Si angebaki huko aheshimiwe? Lakini akikaribia miaka 30 akahamia Marekani, Kiingereza chenyewe hakijui vizuri, akawa Mkorea wa kwanza kupata nafasi katika PGA Tour. Msimu wa kwanza, 2000, haukumwendea vizuri. Ikabidi arudi kwenye mashindano ya kufuzu, kama mtu asiyejulikana. Mwaka 2002 akashinda New Orleans. Mwaka 2007 akashinda Memorial, mashindano ya Nicklaus yule yule wa kitabu. Mwaka 2011 akashinda Players Championship, siku 4 kabla ya kutimiza miaka 41. Na mwaka 2024, akiwa na miaka 54, akashinda Senior Open kule Carnoustie, Uskoti.

Sasa, sitaki kuwadanganya. Si kila anayeanza akiwa amechelewa hushinda. Wako wengi waliojaribu na hatujui hata majina yao. Kwa hivyo sisemi yule baba atakuwa kontrakta mkubwa. Nasema mimi nilimhukumu kwa kitu ambacho si kosa lake.

Kumbukeni wale vibarua wa saa kumi na moja jioni. Mwenye shamba alipowauliza mbona wamesimama tu mchana kutwa, walijibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Hawakuwa wavivu. Yule kijana wa Wando hakukataa gofu akiwa mdogo; haikuwa imemfikia. Na yule mlinzi wetu aliacha shule kwa kukosa karo, si kwa kukosa akili.

Chuoni tulifundishwa kwamba pesa iliyokwisha kutumika haifai kuamua mpango wa kesho. Kumbe na miaka ni hivyo hivyo. Yule baba atafika 44 akisoma, na atafika 44 asiposoma. Maswali niliyopaswa kumuuliza ni haya: Je, uko tayari kukaa darasani na vijana wa rika la mtoto wako, na kufundishwa na mtu mdogo kwako? Mama watoto anasemaje, kwa sababu hii gharama na yeye ataibeba? Na sisi kanisa tutakusaidia wapi? Baada ya hapo, uamuzi ni wake na nyumba yake. Kazi yangu ilikuwa kumwonyesha bei, si kumfungia mlango.

Jumapili iliyopita nilimtafuta baada ya ibada nikamwomba msamaha. Akacheka. "Pasta, usajili wa Septemba si ulishapita?" Nikanyamaza. Miezi hiyo niliila mimi.

Lakini kuna usajili wa Januari. Wiki hii yeye na mkewe watakuja tukae pamoja na ile karatasi tena. Safari hii kalamu atashika yeye.