Deni la Mgonjwa ni la Nani?

Mwanamke amejifungua salama, mtoto ananyonya, mume amekuja kuwachukua. Lakini mlangoni wanazuiliwa, kwa sababu hesabu haijalipwa. Watangoja humo juma moja, pengine mwezi, na kila siku ya kungoja ni siku ambayo mvuvi huyo hakutupa nyavu ziwani. Mambo hayo yametokea mara nyingi katika hospitali za Kongo. Je, ni haki mtu kuwekwa rehani kwa ajili ya ugonjwa wake?

Wengi hujibu upesi: Si haki, na atibiwe bure. Lakini yafaa kumtazama mwuguzi pia. Yeye naye ana watoto, na mshahara wa serikali huchelewa, au haufiki kabisa. Wala dawa hainunuliwi kwa huruma. Mwaka 1987 mawaziri wa afya wa Afrika walikutana Bamako, katika nchi ya Mali, wakakubaliana kwamba wagonjwa walipie dawa, ili kabati la dawa lisibaki tupu. Shauri hilo lilikuwa na maana yake. Ila lilimtwika mzigo mtu aliyelala kitandani, siku zile zile asizoweza kufanya kazi.

Ng'ambo ya ziwa Albert, upande wa pili wa Mahagi-Port, Uganda ilishika njia nyingine. Mwaka 2001 ilifuta malipo katika hospitali na vituo vya serikali. Maskini walikuja kwa wingi, na hilo ni jema. Lakini mara nyingi dawa zilikwisha, mgonjwa akapewa karatasi akanunue dukani. Kongo nayo ilianza mwaka 2023, huko Kinshasa, kuwazalisha akina mama bure, na mpango ukaanza kuenezwa majimboni. Utasimama ikiwa wanaozalisha wanalipwa.

Basi gharama haifi kwa kufutwa. Humhamia mtu mwingine. Yule Msamaria wa Injili hakumwambia mwenye nyumba ya wageni amtunze majeruhi bure. Alitoa dinari mbili, akaahidi kulipa yatakayozidi.

Huko Bwamanda, kaskazini-magharibi mwa Kongo, hospitali ilianzisha mwaka 1986 sanduku la pamoja. Watu walitoa mchango mara moja kwa mwaka, wakati wa kuuza mazao, yaani wakiwa wazima na fedha zimo nyumbani. Naye aliyelazwa alilipa sehemu ndogo tu. Kasoro zilikuwapo: aliyekaa mbali na hospitali alifaidika kidogo kuliko jirani yake, na fukara kabisa alishindwa hata mchango.

Mvuvi wa Mahagi-Port hana majira ya mavuno. Ana usiku wa samaki na usiku wa nyavu tupu. Sanduku lake lingepaswa kupokea franka pwani, mitumbwi ikishusha samaki, maana kesho yake zimekwisha. Na ufunguo ashike nani? Hapo watu husita, na si kwa uchoyo: wengi wamekwisha kuona sanduku la kijiji likiliwa.