Machozi ya Babakar na Begi la Ndugu Yetu

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema ni ya Allah, Mjuzi wa yaliyo dhahiri na yaliyofichika. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.



Safari hii sitaanza na aya, nitaanza na filamu. Najua wapo watakaouliza mwanafunzi wa masomo ya dini anatafuta nini huko. Swali hilo ni la haki, lakini jibu lake waulizwe masheikh wetu. Mimi naandika juu ya jambo lililotokea baada ya filamu kuzimwa.

Wengi wenu mnaijua tamthilia ya Kifaransa iitwayo Lupin. Sehemu yake ya kwanza ilitoka Januari 2021 na ya tatu Oktoba 2023. Mhusika mkuu, Assane Diop, anachezwa na Omar Sy, Mwislamu aliyezaliwa Ufaransa kwa wazazi waliotoka Senegal na Mauritania. Nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya vijana wa hapa Bujumbura kuipenda. Kifaransa tunakisikia, na sura ya mtu yule ni kama ya kaka yetu mkubwa. Chumbani kwetu Buyenzi tulikuwa tumeshafika sehemu ya tatu, lakini tukaanza upya tangu mwanzo kwa ajili ya ndugu mmoja wa mwaka wa kwanza ambaye alikuwa hajaiona. Alitoka kusini, kando ya ziwa, na hakuwa amemaliza hata miezi miwili mjini. Sisi ndio tuliomwita. Tulimwambia, "Njoo baada ya Isha, kuna chai na maandazi."

Kama hujaitazama, uniwie radhi, kwa maana nitakusimulia. Babakar, baba yake Assane, ni mhamiaji kutoka Senegal. Anafanya kazi ya udereva kwa tajiri mmoja wa Paris aitwaye Pellegrini. Mkufu wa thamani kubwa unapotea nyumbani kwa tajiri huyo. Nani atakuwa ameuchukua? Dereva, bila shaka. Ni mgeni, ni maskini, ni mweusi, na alikuwa karibu. Anakamatwa, anashawishiwa akiri kosa ambalo hakulitenda, kisha anakutwa amejinyonga gerezani. Assane anabaki yatima akiwa kijana mdogo. Baadaye ndipo tunapojua kwamba tajiri mwenyewe ndiye aliyeupanga mchezo mzima.

Umeme ulikuwa umekatika usiku ule, tukatazama kwa betri ya kompyuta, vijana saba tumebanana kama ndagala kwenye mkeka. Tulipofika kwa Babakar chumba kilinyamaza. Mmoja wetu alifuta machozi na wala hakuficha. Mimi mwenyewe nilisema kwa sauti, "Wallahi, hii ni dhuluma!" Mwingine akamlaani yule tajiri kwa jina lake, na sote tukacheka kwa uchungu. Hapo katikati yule ndugu wa mwaka wa kwanza aliinuka, akatoa salamu, akaenda chumbani kwake upande wa pili wa ua. Hakuna aliyemwuliza kitu.

Filamu ikaisha. Mwenzetu mmoja akapapasa kando ya godoro, akapapasa mfukoni, akasema, "Simu yangu iko wapi?"

Tuliitafuta kwa tochi za simu nyingine, tukainua magodoro, tukakung'uta mashuka. Mmoja akapiga namba ile. Imezimwa. Basi hapo, ndugu zangu, sote saa ileile tukawa wapelelezi. "Imezimwa! Mwizi ndiye anayezima simu." "Nani ametoka?" "Ametoka mmoja tu." "Na kwa nini atoke katikati, filamu ikiwa imefika mahali pazuri?" "Na alikuwa amekaa upande uleule wa godoro." Kila sentensi iliikalia nyingine barabara, kama inavyokuwa kwenye filamu. Sitaki kujitoa. Ile ya "kwa nini atoke katikati" niliisema mimi.

Tukavuka ua. Tukagonga, naye akafungua akiwa na usingizi machoni. Hatukumwambia "tunakutuhumu." Tulisema "tunaomba tu kuangalia", kana kwamba maneno hayo ni mepesi zaidi. Vijana wa vyumba vingine wakatoka na kusimama mlangoni. Begi lake likafunguliwa juu ya kitanda: kanzu moja, suruali mbili, daftari, Mas-hafu ndogo iliyofungwa kwa kitambaa, na mfuko wa ndagala kavu aliopewa na mama yake. Harufu ya ndagala ikatoka, na mtu mmoja mlangoni akacheka. Simu haikuwemo. Tukasema "haya, basi", tukatoka. Mlangoni nilisikia mtu akinong'ona kwamba labda ameshaitoa nje.

Kesho yake baada ya Alasiri mwenye simu alikuja anatabasamu. Simu alikuwa ameipeleka yeye mwenyewe kwa kijana anayechaji simu pale pembeni ya barabara, wakati anakimbilia Maghrib, akaizima ijae haraka, akasahau. Alitusimulia kama kichekesho na sisi tukacheka. Hakuna aliyevuka ua.

Katika darsa la tafsiri tumewahi kusoma Suratun Nisaa, aya ya 105 na zinazofuata hadi 113. Niliwahi kuulizwa sababu ya kuteremka kwake kwenye mtihani, nikaandika jibu refu na kupata alama nzuri. Wafasiri wameipokea kwa njia zaidi ya moja. Mojawapo, ambayo al-Wahidi ameitaja, ni hii. Mtu wa Madina aitwaye Tu'ma bin Ubayriq aliiba deraya ya jirani yake, Qatada bin Nu'man. Deraya ilikuwa ndani ya gunia lenye unga, na gunia lilikuwa na tundu. Unga ukamwagika njiani hadi nyumbani kwake. Kisha akaipeleka deraya ikafichwe kwa Myahudi mmoja, Zayd bin as-Samin. Wenye mali wakaja kwa Tu'ma, akaapa kwamba hajui lolote. Wakaufuata unga ukawafikisha kwa yule Myahudi, na deraya ikakutwa kwake. Akasema, "Nimepewa na Tu'ma." Watu wa kabila la Tu'ma wakaenda kwa Mtume (s.a.w.) kumtetea mtu wao.

Hebu uwe mpelelezi wa kesi hii. Unga umefika mlangoni. Mali iliyoibwa imo ndani. Mtuhumiwa si mtu wetu, na aliyeapa ni mtu wetu. Katika tamthilia yoyote muziki ungekuwa umeshaanza kupanda. Nasi tulikuwa na ushahidi gani kulinganisha na huu? Hatukuwa hata na unga. Tulikuwa na mtu aliyesinzia mapema.

Zikateremka aya za kumtakasa yule Myahudi. Allah alimkataza Mtume wake kuwa mtetezi wa wenye kuhini, na akabainisha kwamba anayetenda kosa kisha akamtupia asiye na hatia amebeba uzushi na dhambi iliyo wazi. Mtu asiyekuwa Mwislamu, katika mji wenye Mtume ndani yake, alitakaswa kwa Qur'ani tunayoisoma kwenye Swala mpaka leo. Huo ndio uzito wa heshima ya mtu mbele ya Allah. Na yule wa kwetu alikuwa safu moja na sisi Isha ileile.

Nimefikiri sana ni kipi kilichotuchukua kutoka kwenye machozi ya Babakar mpaka kwenye begi lile kwa muda usiofika nusu saa. Mwanzoni niliona ni unafiki tu. Sasa naona kuna kitu kingine pia, nacho kimo katika filamu hizi zenyewe. Mtazamaji wa filamu ya wizi amepewa nafasi ambayo hakuna binadamu aliye nayo. Kamera inamwingiza chumbani mlango ukiwa umefungwa. Inamwonyesha mkono unaochukua na uso wa anayesema uongo. Tulijua Babakar hana hatia kwa sababu tulionyeshwa. Hatukufanya uadilifu wowote pale, tulionyeshwa tu jibu. Kisha tukainuka na ile yakini kichwani, tukavuka nayo ua, kama kwamba na huku kwetu kuna kamera. Mwenye kuona chumba kilichofungwa ni Allah peke yake.

Hata Mtume (s.a.w.), katika hadithi ya Ummu Salama waliyoipokea Bukhari na Muslim, aliwaambia watu wanaomletea mashitaka kwamba yeye ni mwanadamu, na kwamba huenda mmoja wao akawa hodari zaidi wa kujieleza, naye akahukumu kwa aliyoyasikia. Yeye anasema hivyo, nasi vijana sita wenye tochi hatukusita hata kidogo!

Ipo pia habari ya Umar bin al-Khattab (r.a.) ambayo Imamu al-Ghazali ameitaja katika Ihyaa. Umar alipanda ukuta wa nyumba ya mtu usiku, akamkuta katika maasi. Yule mtu akamjibu kwamba kama yeye ameasi mara moja, Umar ameasi mara tatu: amepeleleza na Allah amekataza, hakupitia mlangoni na Allah ameamrisha, na ameingia bila kutoa salamu. Umar, kiongozi wa waumini, akamwacha. Na kumbuka kwamba huyo alikutwa na kosa kweli. Sisi tulikuta ndagala.

Katika Suratul Hujurat, aya ya 12, Allah anakataza dhana, kisha kupeleleza, kisha kusengenyana, kwa mpangilio huohuo. Nimeihifadhi aya hii tangu madrasa, na usiku ule tuliipitia yote kwa utaratibu: dhana kwenye mkeka, upelelezi kwenye begi, na mnong'ono mlangoni.

Huenda mtu akasema, "Ndugu, umelikuza jambo. Begi limefunguliwa na kufungwa, hakupigwa mtu." Ni kweli hakupigwa. Lakini sote tunaoishi katika mji huu tunajua neno "mwizi!" linavyofanya likipazwa sokoni, jinsi watu wanavyokusanyika kabla hata ya kujua kilichoibwa, na kila mmoja na jiwe lake. Mwenye kurusha jiwe naye amejenga hoja kichwani mwake: alikuwa karibu, amekimbia, hatumjui. Ni hoja zetu zilezile. Kwa nini hatukumpiga? Ningependa kusema ni kwa sababu ya imani. Nadhani ni kwa sababu simu ilikuwa ya bei rahisi.

Siku ya tatu niliona hayupo kwenye safu yetu. Siku ya tano nikajua anaswali msikiti mwingine, mbali zaidi. Nikamfuata huko. Nilikuwa nimejiandaa na hotuba ndefu yenye Kiarabu ndani yake, lakini nilipomwona ikanipotea yote. Nikasema tu, "Tulikukosea. Mimi hasa. Nisamehe."

Akaniambia, "Wewe nimekusamehe, kaka." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Wale waliokuwa mlangoni, wamesikia kwamba simu ilionekana?"

Sikuwa na jibu. Hatukuwaambia. Walioshuhudia begi likifunguliwa walikuwa kama kumi na wawili. Waliosikia kwamba alikuwa safi walikuwa sisi watatu tunaokaa chumba kile.

Imamu an-Nawawi, katika mlango wa toba wa Riyadhus Salihin, anataja kwamba kosa linalohusu haki ya mja lina sharti la ziada juu ya yale matatu, nalo ni kumrudishia mwenyewe haki yake. Mali inarudishwa kama mali. Heshima iliyovunjwa mbele ya watu je, inarudishwa faraghani? Nilimwuliza mwalimu wetu mmoja, akaniambia kwamba aliyemzulia mtu mbele ya watu ajikadhibishe mbele ya watu haohao. Nikarudi nikafikiri nani na nani walikuwa mlangoni. Karibu wote ni wasomaji wa jarida hili, na wawili kati yao hulisambaza.

Kwa hiyo nawaambia nyinyi mliosimama pale, na yeyote aliyesikia kutoka kwenu: ndugu yule hakuchukua simu ya mtu. Simu ilikuwa kwa mchajishaji tangu Maghrib, na aliyeipeleka ni mwenyewe. Begi lile halikuwa na cha mtu mwingine ndani yake. Aliyeuliza "kwa nini atoke katikati" ni mimi, na mpaka leo sijamwuliza alitoka kwa nini, wala sina haki ya kuuliza. Aliyenong'ona mlangoni anajijua, na nyumba ya ndugu yetu anaijua.

Makala haya nilimsomea yeye kwanza, tumekaa kwenye ngazi za msikiti. Nilikuwa nimeandika kijiji anachotoka, akaniambia nikitoe, nikakitoa. Nikamwuliza kama nifute na ile habari ya ndagala, kwa kuwa kuna mtu aliicheka. Akafikiri kidogo, akasema niiache, ni za mama yake na ni nzuri.