Njia Kwanza, Makochi Baadaye

Palikuwa na bwana mmoja wa Katoro, mkoani Geita, mwenye duara, yaani shimo la kuchimba dhahabu, kule Nyarugusu. Simpi jina, kwa kuwa kisa chake kimetungwa kwa ajili ya mafunzo. Lakini yaliyomo ndani yake, mkazi wa Katoro, Kahama au Shinyanga mjini ameyaona kwa macho, ama kwake ama kwa jirani.

Kwa muda mrefu duara lilimla fedha bila kumrudishia. Kisha likatema dhahabu. Mawe yakapita kwenye karasha la kuyasaga, dhahabu ikauzwa kwenye soko la madini la Geita, lile lililofunguliwa mwaka 2019, na bwana akarudi nyumbani na fedha halali. Hakuzichezea. Wenzake waliotemewa kabla yake walizimaliza baa. Yeye akanunua kiwanja, akaita fundi, akajenga. Hapo hakukosea hata kidogo.

Tatizo ni kwamba viwanja vya karibu na barabara vimekatwa na kukatwa tena. Alichopata kilikuwa chembamba, kirefu kwenda nyuma. Fundi akamwambia, "Bosi, hapa upana hatuna, nyumba itabidi irudi nyuma." Ikarudi nyuma. Sebule ikawa na upana wa futi 10 na urefu wa futi 32: makochi, meza ya chakula na jiko vyote mahali pamoja, bila ukuta kati, kama wanavyojenga watu siku hizi. Mlango wa mbele ulitazama barabara, mlango wa uani ulikuwa jikoni. Vyumba vitatu vya kulala vilifungukia humo humo sebuleni, kuanzia katikati kwenda nyuma. Madirisha yote yaliwekwa nondo za kuchomelea, kwa sababu ya wezi.

Ndipo yakaja makochi. Bwana aliagiza Kahama seti ya siti saba, mikono minene, migongo mirefu, kila kochi kina chake futi 3. Akaongeza meza ya kioo, meza ya kula ya watu wanane, na kabati la vyombo la mninga linalogusa dari. Alikuwa na sababu yake, na sababu hiyo tuiheshimu. Usukumani mgeni haambiwi hakuna pa kukaa. Aliyekulia kwenye vigoda, akabahatika, hutaka siku ndugu watakapokuja, kila mmoja apate pa kuegemea.

Makochi yakapangwa yakitazamana, safu huku na safu huku. Tupige hesabu ambayo yeye hakuipiga. Upana ni futi 10. Kochi la kushoto limechukua 3, la kulia 3, zimebaki 4. Meza ya kioo imechukua 2. Zimebaki futi 2, yaani futi moja kila upande wa meza. Mtu mzima hapiti kwenye futi moja akiwa ameelekea mbele. Anageuka ubavu, na walioketi wanainua magoti. Mtoto aliyebeba chai ya moto alipita hapo kila jioni.

Runinga aliitaka ukuta wa mbele, kando ya mlango. Upande ule hapakuwa na soketi. Wakavuta waya wa ekstensheni kutoka katikati ya nyumba, wakaupitisha chini ya kapeti, pale pale penye njia ya kila mtu. Kabati ndilo lililokosa mahali. Ukuta mmoja una milango ya vyumba, ukuta wa pili una madirisha. Palipobaki ni jikoni, kwenye mlango wa uani. Wakaufunga mlango kwa komeo, kabati likasimamishwa mbele yake.

Mama yake alikuja kutoka kijijini, upande wa Shinyanga. Alipokwisha kula akaelekea nyuma, akitafuta mlango wa uani, akalikuta kabati.

"Baba, mlango huu mmeuziba?"

"Tunatumia wa mbele tu, mayu. Huu wa nyuma wezi wangeutumia."

"Na balaa likija kwa mlango wa mbele, nyinyi mtatokea wapi?"

"Mayu, kabati hili ni mninga mtupu. Halina pengine pa kukaa."

"Basi lirudi kwa aliyelitengeneza. Hata panya buku hachimbi tundu lenye mlango mmoja."

Mwanawe akaitikia kwa adabu, na kabati likabaki lilipo.

Jambo la kusikitisha ni kwamba bwana huyu aliijua kanuni hiyo kuliko mtu yeyote mtaani. Kule duarani hakuruhusu mtu kushuka kabla matimba, magogo ya kuegemeza kuta za shimo, hayajakaguliwa. Aliyeacha mifuko ya mawe kwenye kipitio alirudishwa nyumbani siku hiyo hiyo. Alikuwa akiwakumbusha vijana wake yaliyotokea Nyangalata, Kahama, mwaka 2015, wachimbaji walipofukiwa na watano wakatolewa hai baada ya siku 41. Aliwakumbusha na ya hapo hapo Nyarugusu, Januari 2017, watu 15 walipozibiwa njia chini ya ardhi kwa siku tatu, na wote wakatoka hai kwa jasho la waokoaji. Kila alipomaliza kusimulia aliwaambia: kinachoua ni njia kuziba. Maneno hayo hakuyabeba hadi nyumbani. Aliamini kwamba hatari inakaa shimoni, na sebuleni ni raha tu.

Ilikuwa usiku, mama bado hajarudi kijijini, watu wamelala. Waya wa chini ya kapeti ulikuwa umekanyagwa mpaka ganda lake likachanika. Ukapata moto, kapeti likashika, kochi la karibu likafuata. Sponji ya makochi haiungui kama kuni. Inawaka upesi, na moshi wake mweusi umejaa sumu. Mtu huanguka kwa kuuvuta kabla mwali haujamfikia. Bwana alipofungua mlango wa chumba, upande wa barabara ulikuwa moto mtupu. Akawakusanya mkewe, watoto na mama yake, wakakimbilia nyuma. Kabati la mninga lilikuwa limejaa vyombo. Alilisukuma kwa bega, halikusogea. Akarudi nao kwenye madirisha ya chumba cha mwisho, akakuta nondo.

Waliowaokoa ni vijana wa duara waliopanga vyumba nyumba ya pili. Walisikia mayowe, wakaja na sururu na mitarimbo, vile vile vya kazini. Hawakupoteza muda kwenye mlango. Walipiga ukuta chini ya dirisha la chumba cha mwisho, tofali za kuchoma zikaachia moja moja, mpaka likapatikana tundu la kupita mtu. Watoto wakatoka kwanza, kisha mama yao. Bibi alitolewa wa mwisho kabla ya mwanawe, akiwa hajitambui. Aliishi, lakini kifua chake hakikurudi kama zamani, na jembe hakulishika tena. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo walivyosema wahenga. Safari hii aliyeumia ni mkuu mwenyewe.

Baadhi ya majirani walisema ni kijicho, wakataja na waganga. Wengine walilaumu ufinyu wa kiwanja. Mimi nasema chanzo ni mpangilio wa vyombo vya nyumbani. Sebule ndefu na nyembamba haina laana. Watu wa mwambao wameishi ndani ya vyumba vya namna hiyo kwa karne nyingi. Nyumba za mawe za Lamu na Unguja zina vyumba virefu vyenye upana wa takribani mita 2.5 hadi 3 tu, kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haziwezi kwenda mbali zaidi ya hapo. Wenyewe walifanyaje? Kule Lamu vitanda walivipeleka kwenye ncha za chumba, nyuma ya pazia. Vyombo vya thamani walivipandisha kwenye zidaka zilizochongwa ukutani, visile nafasi ya sakafu. Katikati wakapaacha wazi, watu wapite na upepo upite. Hawakuwa na nafasi kubwa kuliko sisi. Walitanguliza njia.

Kwa hiyo wewe uliyejenga chumba kirefu Katoro, Kahama, Ushirombo au kokote, anza na njia. Kabla hujamlipa fundi makochi, nunua chaki. Chora sakafuni njia ya futi 3 kutoka mlango wa mbele hadi mlango wa uani, ikiambaa ukuta mmoja, ule wenye milango ya vyumba. Njia hiyo ni mali ya miguu. Kisiwekwe juu yake kigoda, ndoo wala pikipiki ya kulala ndani. Ukishaichora, kilichobaki ndicho chako cha kupanga. Kwa chumba cha futi 10 umebakiwa na futi 7, na futi 7 zinatosha sana.

Pili, usikichukulie chumba kirefu kuwa chumba kimoja. Kigawe kwa urefu wake. Futi 12 za mwanzo ziwe za mazungumzo, zinazofuata ziwe za kula, za mwisho ziwe za jiko. Hakuna haja ya ukuta kati. Viti viwili vikikaa kwa kukingama, migongo yake ikitazama meza ya chakula, vyenyewe ni mpaka tosha. Kapeti chini ya viti linaonyesha eneo la maongezi linapoishia. Taa moja juu ya kila eneo inafanya kazi bora kuliko taa moja kali katikati.

Tatu, acha safu mbili zinazotazamana. Weka kochi refu moja ukutani, upande wa madirisha, na viti viwili vyepesi vyenye miguu, ambavyo mtu anaweza kuvihamisha kwa mkono mmoja. Mwambie fundi apunguze kina kiwe futi 2 na nusu, na mikono iwe myembamba. Fundi wetu hutengeneza kwa vipimo unavyompa. Wengi wetu tunampelekea picha ya kochi la jumba kubwa, vipimo vya chumba chetu hatumpi. Meza ya kioo iondoke, vistuli viwili vidogo vichukue nafasi yake. Wakati wa chai vinasogea, wakati wa kucheza watoto vinaingia pembeni.

Nne, runinga ikae kwenye ukuta mrefu, mkabala na kochi, juu ya njia yako ya chaki, ikitundikwa badala ya kusimamishwa mezani. Hapo macho hayaitafuti kutoka futi 20. Soketi iwekwe nyuma yake na fundi umeme, ndani ya ukuta. Waya usipite chini ya kapeti wala chini ya mguu wa kochi, hata kwa wiki moja.

Tano, kabati. Chombo kirefu na kizito kinataka ukuta usio na mlango wala dirisha, na kifungwe ukutani kwa skrubu, kwa sababu kabati la kusimama peke yake huangukia watoto wanaolipanda. Ukuta wa namna hiyo ukikosekana, tengeneza shelfu fupi chini ya madirisha, au nyembamba za kutundika. Zikikosekana hata hizo, basi nyumba yako haihitaji kabati kubwa. Kusema hivyo si umaskini.

Kuna atakayeuliza: na wageni je? Siku ya msiba au ya kutoa mahari, siti hizo chache zitatosha nini? Nami namjibu, tuliwahi lini kuketi wote ndani? Msiba hukaa nje, chini ya mwembe au turubai, kwenye mikeka, mabenchi na viti vya plastiki. Makochi yenyewe siku hiyo hutolewa nje ili akina mama watandike mikeka. Nunua viti vya plastiki 12, vipange kimoja juu ya kingine stoo, na heshima yako kwa wageni itakuwa imetimia. Siku 360 za mwaka zilizobaki, watoto wako watapumua.

Mwisho, nondo. Wezi wapo, sikatai. Lakini angalau dirisha moja la kila chumba cha kulala liwe na nondo za bawaba, zifunguke kwa ndani, na ufunguo utundikwe mahali ambapo kila mtu wa nyumbani anapajua, mtoto asipafikie kwa mchezo. Andika ukutani namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Wazazi wetu wakiuliza "mtatokea wapi," tusiwajibu kwa bei ya mbao. Jioni hii, taa zikiwa zimezimwa, tembea kutoka kitandani kwako hadi mlango wa uani na uufungue mpaka mwisho. Usigeuke ubavu, usiruke kitu, usimwamshe mtu akusogezee kiti. Mahali utakapokwama ndipo pa kuanzia kupanga upya, na paanze kupangwa kabla hujalala.