Je, Mwenye Kufundisha Aone Haya Kujifunza?

Kuna swali moja lisilo katika katekisimu, lakini maisha hutuuliza kila siku: mtu aliyezoea kufundisha wengine, je, ni aibu kwake kuketi chini ajifunze kazi ndogo, tena kazi ambayo watu wasema si yake? Mimi sikulitafuta swali hili. Liliingia nyumbani mwangu pamoja na mtoto wetu wa kwanza.

Mtoto alizaliwa mwezi wa tano. Sisi wa Lubumbashi twajua maana yake: mwezi wa sita na wa saba usiku una baridi kali, na asubuhi hakuna anayependa kutoka nje. Mke wangu alipopata nguvu, alirudi kuuza sokoni, kwa maana chungu hakingoji. Soko li karibu, naye alikuja kunyonyesha na kurudi. Mimi nafundisha wakatekumeni saa za jioni. Basi asubuhi nikabaki na mtoto. Siku moja, kabla ya kutoka, mke wangu aliniwekea mkononi sindano ya kroshe na uzi wa sufu, akasema: «Baba, mtoto akilala, mikono yako isilale. Kichwa chake chataka kofia.»

Jirani akapita, akaniona, akacheka: «Mwalimu, siku hizi umekuwa mama?» Nami nikauficha uzi chini ya mto. Ndiyo, nakiri, niliuficha.

Tuitazame kwanza haya hiyo. Yatoka wapi? Wavuvi wa Tanganyika ni wanaume, nao huketi ufukoni wakitengeneza nyavu zao, uzi na fundo, uzi na fundo, hakuna anayewacheka. Huko Kasai, kwa Wakuba, kufuma kitambaa cha rafia ni kazi ya wanaume, na wanawake hukitarizi. Tena huko Ireland, ugonjwa wa viazi ulipoleta njaa kuu kuanzia mwaka 1845, watawa waliwafundisha wanawake na wasichana kufuma lesi kwa kroshe, na lesi hiyo ikauzwa, ikalisha jamaa nyingi. Basi uzi wenyewe hauna jina la mume wala la mke. Desturi ndiyo iliyouandika jina. Desturi ni njema ikitutunza. Lakini desturi inayomwacha mtoto na baridi ili baba asichekwe, hiyo yamtunza nani? Nikautoa uzi chini ya mto.

Lakini kulikuwa na haya ya pili, kubwa kuliko ya kwanza: haya ya kutokujua. Seminarini nilisoma Kilatini na falsafa. Nilijua kupambanua neno na neno. Sindano ile haikujali hoja zangu. Kofia huanza katikati ya utosi. Duru ya kwanza ina vitanzi 6, ya pili 12, ya tatu 18, na hivyo waongeza 6 kila duru mpaka upana utoshe; kisha waacha kuongeza, kofia ishuke. Kusema ni rahisi. Mara ya kwanza nilisahau kuongeza, nikapata kikombe kidogo kisichoweza kufunika hata ngumi ya mtoto. Mara ya pili niliongeza mno, kazi ikajikunja-kunja kama jani la kabichi. Mara ya tatu na ya nne nilikosea mahali pale pale.

Kila mara mke wangu aliichukua kazi, akaihesabu kwa kidole, akasema maneno mawili tu: «Fumua. Anza.» Hakukunja uso. Hakuniuliza seminari ilinifaa nini.

Katika mara ile ya nne, nikiwa navuta uzi, nilimkumbuka mzee mmoja. Alikuwa mkatekumeni wangu. Jibu moja la katekisimu lilimshinda, wiki baada ya wiki, palepale. Jioni moja nilichoka, nikamwambia mbele ya wote, na vijana wakiwamo: «Kichwa chako ni jiwe.» Mzee hakujibu. Alichukua fimbo yake akaenda, wala hakurudi. Nami nilijiambia kwamba hakuwa na nia ya kweli. Kumbe mimi, mtu wa vitabu, nilikuwa nimeshindwa kuhesabu mpaka 18, wala hakuna aliyeniita jiwe.

Angalieni, ndugu, tofauti iliyopo. Katika kroshe kitanzi kimoja tu ndicho kilicho wazi. Ukikosea, wachomoa sindano, wavuta, na kazi yarudi nyuma mpaka penye kosa. Uzi haupotei. Lakini neno halifumuliwi. Maji yakimwagika hayazoleki. Ndiyo sababu mwenye kufundisha, awe katekista, awe baba, aupime ulimi wake kuliko afumaye apimavyo uzi.

Nilikwenda kwa mzee. Nilimwomba radhi mlangoni pake, mbele ya wajukuu wake, kwa kuwa nilimwaibisha mbele ya watu. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: «Nimesikia, Mwalimu.» Juma lililofuata alikuja. Lakini hakuketi mbele kama zamani. Aliketi nyuma, karibu na mlango, na hata leo huketi pale. Nakitazama kiti chake kila jioni kabla ya kufungua kinywa.

Basi jibu langu ni hili. Anayefundisha asiwe bila jambo moja analojifunza, tena jambo linalomshinda. Maana mtu asiyeshindwa husahau uchungu wa kushindwa, na aliyesahau uchungu huo hana huruma. Na ninyi mnaopata mtoto wa kwanza, jueni kwamba siku mtoto azaliwapo, baba naye azaliwa, mchanga vilevile, asiyejua lolote. Msione haya kuanza na vitanzi 6.

Kofia ilikwisha mwezi wa nane, baridi ikiwa inakwisha nayo. Upande mmoja umepinda kidogo. Mtoto huivaa hivyo hivyo, na jirani yule ameniuliza uzi huuzwa wapi.