Mstari wa Kadi na Utu wa Mtoto

Swali la iwapo mtoto ni mtu kamili tangu anapozaliwa, au ni mtu anayejengeka hatua kwa hatua hadi siku atakapostahili kuitwa mtu, huonekana kuwa la wanafalsafa na wanateolojia, ilhali mwanafunzi wa uuguzi katika kliniki ya watoto mjini Voi hulikabili kila anapomning'iniza mtoto kwenye mzani, akasubiri mshale utulie, kisha akatia nukta kwenye mchoro wa kijitabu cha afya ya mama na mtoto. Nukta hiyo yaeleza uzito tu, lakini mama aliyeketi kwenye benchi huisoma kama matokeo ya mtihani, na mara nyingi muuguzi naye huisoma vivyo hivyo. Makala haya yanashikilia kwamba nukta hiyo ni hukumu kweli, ila anayehukumiwa si mtoto.

Yapasa kwanza kutenganisha ukuaji, yaani kuongezeka kwa mwili kunakopimwa kwa kilo na sentimita, na makuzi, yaani kupevuka kwa uwezo wa mtoto wa kuketi, kusema, kufikiri na kuishi na wenzake. Mchoro wa ukuaji unaotumika Kenya unatokana na viwango vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, baada ya utafiti uliofanywa kati ya 1997 na 2003 katika nchi sita, nazo ni Brazili, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani, kwa watoto wapatao 8,440. Jambo ambalo wanafunzi hulipita haraka mno ni namna watoto hao walivyochaguliwa: mama zao hawakuvuta sigara, walikubali kunyonyesha kama ilivyopendekezwa, na waliishi katika hali zisizozuia ukuaji. Watafiti hawakutaka kujua watoto wa dunia wanakuaje, bali watoto hukuaje wanapotendewa inavyopasa. Na walipowapima, watoto wa Accra, Oslo na Muscat walirefuka kwa namna inayokaribiana sana. Kwa hiyo mstari ule mzuri wa kijani si wastani wa watoto walivyo. Ni kauli ya maadili kuhusu mazingira wanayostahili, na mtoto wa nyanda kavu za Voi anapoteremka mbali chini yake, mstari unasema neno juu ya mahindi yaliyokauka, ndovu wa Tsavo walioingia shambani na bei ya maziwa, kabla haujasema lolote juu yake yeye.

Hoja hii yathibitika kwa udumavu, yaani hali ya mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake unavyodai kwa zaidi ya mikengeuko sanifu miwili chini ya urefu wa kati. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya nchini Kenya ulikuta asilimia 26 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa mwaka 2014, na asilimia 18 mwaka 2022. Maumbile ya watoto wa Kenya hayawezi kugeuka kiasi hicho kwa miaka minane. Kilichogeuka ni yale waliyofanyiwa.

Kuna sentimita 0.7 zinazostahili kutazamwa kwa makini kuliko zinavyotazamwa. Mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili hupimwa urefu akiwa amelazwa ubaoni, na akishatimiza hupimwa akiwa amesimama. Kwa kuwa mwili uliosimama husinyaa kidogo, viwango vinamtaka muuguzi aongeze au apunguze sentimita 0.7 pale anapolazimika kumpima kwa mkao usio wa umri wake, na mistari ya mchoro yenyewe huporomoka kwa kiasi hicho hicho kwenye mwezi wa 24. Mtoto hakufupika siku ya kutimiza miaka miwili. Mpaka kati ya hatua na hatua, basi, kwa sehemu fulani ni mali ya mpimaji, na yeyote anayekariri hatua nne za mwanasaikolojia Jean Piaget, zinazogawanya fikra ya mtoto katika miaka 2, 7 na 11, angefanya vyema kukumbuka ubao huo.

Makuzi ya viungo yanaonyesha vivyo hivyo. Katika utafiti ule wa Shirika la Afya Duniani, watoto walianza kukaa kitako bila kushikwa kati ya miezi 3.8 na 9.2, na kutembea peke yao kati ya miezi 8.2 na 17.6, upana unaotosha kumtuliza mama yeyote ambaye mwanawe angali anasimama dede wakati wa jirani tayari anakwenda tete. Na asilimia 4.3 hawakutambaa kwa mikono na magoti kabisa. Mtafiti Charles Super, aliyechapisha mwaka 1976 uchunguzi wake kuhusu Wakipsigis wa Kokwet nchini Kenya, aliona kwamba watoto wao waliwahi kuketi na kutembea kuliko watoto wa Marekani, lakini hawakuwahi kutambaa. Sababu ni kwamba wazazi waliwafunza kuketi na kutembea, ila hawakuona haja ya kuwafunza kutambaa. Hatua inayodhaniwa kutoka ndani ya mtoto ilikuwa imepandwa na wanaomlea.

Wadawida, ambao ndio Wataita wa milimani karibu na Voi, walilijua jambo hili kwa njia nyingine. Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyeishi kati yao mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1978, anaeleza dini ambayo kiini chake kilikuwa kuondoa hasira moyoni: hasira ya ndugu, hata aliyoificha, iliweza kumletea mtoto ugonjwa, na tiba yake ilikuwa kutasa, yaani kutia kinywaji mdomoni na kukitema kwa mnyunyizo huku mtu akitamka kwamba ameiacha hasira yake na anatakia heri. Si lazima kukubali kwamba hasira huleta homa ndipo mtu auone uzito wa wazo hili, kwamba afya ya mtoto hukaa katika mahusiano ya watu wazima, nao ndio wanaopaswa kujichunguza kwanza.

Hata hivyo, kuna wanaopanga hatua kama ngazi ya utu wenyewe. Mwanafalsafa Ifeanyi Menkiti, akitumia mawazo ya Mkenya John Mbiti, aliandika mwaka 1984 kwamba katika fikra za Kiafrika utu hupatikana polepole kwa kutimiza wajibu katika jamii, na kwamba mtoto mchanga bado hajaufikia. Mwanafalsafa mwenzake Kwame Gyekye alimpinga, akisema mtu huzaliwa mtu, akiwa na uwezo wa kutenda mema hata kabla hajatenda. Dini zilizofika Taita haziko upande wa Menkiti. Waanglikana waliofika Sagalla mwaka 1883 na Wakatoliki waliojenga misheni Bura mwaka 1892 walibatiza vichanga ambao hawakuwa na uwezo wowote wa kujieleza. Na Kurani, katika Sura ya Al-Hajj, inapotaja hatua za mwanadamu tangu tone la manii, haiishii kwenye utu uzima, bali inaendelea hadi ule uzee ambamo aliyejua hajui tena. Ngazi inayopanda na kushuka haiwezi kuwa kipimo cha thamani. Ni kweli kwamba wajibu hufuata umri: fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, hutambua umri wa kupambanua mambo karibu na miaka 7, sheria ya Kanisa Katoliki hudhani akili huanza kutumika katika umri huo huo, na Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 haimshtaki aliye chini ya miaka 12. Lakini wajibu ni kitu kimoja na utu ni kingine, na kosa la Menkiti ni kuvichanganya.

Ugumu halisi huletwa na mtoto mwenye mtindio wa ubongo, yaani ulemavu wa mwendo unaotokana na ubongo kudhurika kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye. Jibu la Gyekye linayumba hapa, kwa kuwa nalo limeegemea uwezo. Hoja ya makala haya pia inatiwa majaribuni, kwa sababu anayeamini kwamba mstari huwahukumu watu wazima atamtafuta mkosaji, na mkosaji wa karibu ni mama, anayeulizwa na wakwe alimkosea nani na kliniki alimlisha nini. Pengine hakukosea kitu. Lawama hudai kosa lililotendwa, ilhali wajibu haudai kosa lolote ili uwepo, na mtoto ambaye hatua zake zimechelewa bila mkosaji huwadai wanaomzunguka zaidi, si kidogo. Deni hilo hulipwa kwa mambo madogo: bibi anayebaki naye mama anapokwenda kazini katika mashamba ya mkonge ya Mwatate huonyeshwa jinsi ya kumketisha wima, kidevu kikiinama kidogo, kijiko kikija kutoka mbele na si kutoka juu, uji ukiwa mzito kiasi asipaliwe, na maendeleo yake hulinganishwa na yake mwenyewe ya mwezi uliopita. Ikiwa safari ya kumfikia mtaalamu wa fiziotherapia kutoka Kasigau inamgharimu mama ujira wa siku nzima, huo nao ni upungufu wa kuandikwa upande wa watu wazima.